Mtunzi, mwenye maneno na mpangaji wa sauti: nani aandikwe wapi kwenye karatasi ya tamasha?

KatibuWaKwaya

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa kwaya ya parokia, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa karatasi ya nyimbo kwa ajili ya tamasha letu la mwezi ujao. Mwaka jana tuliandika jina moja tu chini ya kila wimbo, tukalitanguliza kwa neno "Mtunzi". Mzee mmoja aliyekuwa ametuandikia beti zote za wimbo wa shukrani aliisoma karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni, na tangu siku hiyo hajatuandikia ubeti mwingine. Sitaki jambo hilo lijirudie.

Wimbo unaonisumbua safari hii una wenyewe wengi. Sauti yake ya kwanza ni ile waliyoiimba bibi zetu wakati wa kupura mtama. Mwalimu wetu wa zamani aliisikia, akaiandika kwa solfa (herufi za do, re, mi) na kuiongezea sauti za alto, tenor na besi. Mama mmoja wa jumuiya akaitilia maneno ya Kiswahili. Kisha mwalimu wa sasa akaibadilisha besi yote na kuweka utangulizi wa kinanda. Je, mtunzi ni nani hapo?

MwalimuWaSolfa

Ndugu Katibu, sehemu ya tatizo lako imo katika lugha yenyewe. Kwetu mtu hutunga shairi, hutunga wimbo, hutunga hadithi, hutunga hata shanga, kwa hiyo aliyeleta maneno na aliyeleta sauti wote wana haki ya kuitwa watunzi, na anayesoma neno hilo peke yake hawezi kujua nani alifanya lipi. Mimi nililiacha zamani. Huandika "Maneno", "Muziki" na "Mpangilio wa sauti", yaani kazi ya kuugawa wimbo kwa sauti na vyombo, kila kimoja na jina lake. Katika nota zilizopigwa chapa, jina la mwenye maneno kwa kawaida hukaa upande wa kushoto juu ya mstari wa kwanza, la mwenye muziki upande wa kulia, na la mpangaji chini ya huyo wa kulia.

Usidhani kwamba majina hupotea kwa nyimbo za vijijini pekee. Wimbo wa Noeli tunaouimba kwa jina la "Usiku Mtakatifu" ulianza kama shairi la Kijerumani aliloliandika kasisi Joseph Mohr mwaka 1816. Miaka miwili baadaye alimpelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, alitilie muziki, na wawili hao wakauimba kwa gitaa mkesha wa Noeli wa 1818 katika kanisa la Oberndorf, karibu na Salzburg, Austria. Nakala zikasambaa bila majina. Wimbo ulipopata umaarufu, watu waliona haiwezekani mwalimu wa shule ya kijijini awe ameutunga, wakautaja kuwa wa watunzi mashuhuri Haydn au Mozart, hata Gruber akalazimika mwaka 1854 kuandika maelezo kwa mkono wake kuhusu jinsi ulivyozaliwa. Nakala iliyoandikwa na Mohr mwenyewe, ikimtaja Gruber kuwa mwenye muziki, ilionekana mwaka 1995, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa zaidi ya miaka 100. Mstari mmoja juu ya ukurasa ungewaepusha na hayo yote.

BesiWaNyuma

Nakubaliana na Mwalimu, ila naona swali gumu la Katibu ni lile la bibi zetu, nalo halijaguswa.

Tazameni wimbo wa taifa wa Kenya. Muziki wake ulitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa akina mama wa Kipokomo, watu wa kando ya Mto Tana. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, iliundwa tume ya watu watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ambao waliuandalia maneno na kuupanga uweze kuimbwa na kupigwa na bendi. Majina ya watano hao yameandikwa. Hakuna awezaye kumtaja mama wa kwanza aliyembembeleza mwanawe kwa sauti ile, lakini kabila lake linajulikana na kazi ya wimbo inajulikana, na hayo yanatajwa kila historia ya wimbo huo inaposimuliwa. Ndiyo maana sipendi kusoma "wa jadi" kavukavu, kana kwamba wimbo uliota wenyewe kama magugu. Jadi ya nani? Uliimbwa katika kazi gani?

Jambo hilo hutokea pia pale mpangaji anapokuwa maarufu kuliko waimbaji. Misa ijulikanayo kama Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958, kwa kawaida hutajwa pamoja na jina la padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeiongoza kwaya yake kule Kamina, Katanga, nchini Kongo. Kazi yake haina shaka. Hata hivyo sehemu kubwa ya misa ile ilijengwa na waimbaji wenyewe mazoezini, kwa kuimba papo kwa papo juu ya mitindo ya nyimbo za kwao. Kwenye karatasi ya tamasha, mimi ningewataja wote.

MamaAlto

Samahani kaka Besi, lakini tusije tukamfanya mpangaji aonekane mtu wa kupaka rangi nyumba ya wengine. Sisi tunaoimba alto tunajua kwamba mpangilio ndio unaotupa jambo la kufanya! "Baba Yetu" ya Christopher Tin ina maneno ya sala tunayoijua sote, yaliyorekebishwa kwa ajili ya wimbo na Chris Kiagiri, na muziki wake ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2005. Ilipopata tuzo ya Grammy mwaka 2011, ilishinda katika kundi la mpangilio wa muziki unaosindikiza waimbaji. Mtunzi na mpangaji hapo ni mtu mmoja, lakini kazi ni mbili, nayo iliyotuzwa ni ya pili.

Mkataba wa kimataifa wa Berne wa hakimiliki nao unausema mpangilio kuwa kazi inayolindwa, bila kuipunguza haki ya kazi ya asili. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, mwalimu wa sasa anastahili kutajwa kwa besi na utangulizi wake, na mwalimu wa zamani angepaswa kuulizwa kabla besi yake haijaondolewa. Je, aliulizwa?

KatibuWaKwaya

Nawashukuru nyote. Dada Alto, hakuulizwa. Nimempigia simu jana, akacheka kwanza, kisha akaomba atumiwe nota mpya azisome, na nimemtumia. Kwa sasa nimeandika hivi:

Muziki: wimbo wa wanawake wa kijijini kwetu wa kupura mtama. Maneno: jina la mama. Sauti za alto na tenor: mwalimu wa zamani. Besi na utangulizi wa kinanda: mwalimu wa sasa.

Mmoja wa mabibi walioimba wakati ule bado yupo hai, na Jumamosi nitakwenda kumuuliza kama angependa jina lake liandikwe na kama anamkumbuka aliyekuwa akianzisha wimbo. Nitapitia pia kwa yule mzee wa beti za shukrani nikiwa na karatasi ya mwaka jana iliyosahihishwa. Tatizo lililobaki ni kwamba karatasi imekuwa kurasa mbili badala ya moja, na mweka hazina ameshaanza kunung'unika.