Tupeane uzoefu: kudunga chanjo ya uzazi farasi-mwitu wa Nevada na Wyoming

Msumari:
Wakuu, nimeona picha ya mshale wa sindano, ule unaorushwa kwa bunduki, umelala vichakani, dawa bado imejaa ndani. Inauma. Jike hakupata kitu, lakini kwenye daftari ameshawekewa tiki. Mnaodunga PZP, chanjo ya kuzuia mimba, semeni kazi inakwama wapi. Julai mosi helikopta za kuswaga farasi wakamatwe zinaruhusiwa tena baada ya miezi ya kuzaa, na kila jike aliyekosa chanjo anaongeza sababu ya kuziita.

Bi Nyika:
Inakwama mezani, kabla hata ya bunduki. Nusu mililita ya PZP, ile protini ya ovari za nguruwe, inachanganywa na nusu mililita ya kichocheo cha kinga. Unaunganisha mabomba mawili ya sindano ya kioo mdomo kwa mdomo, unasukuma huku na huku mara 100 mpaka iwe nyeupe, nzito kuliko tui la kwanza. Ukiishia 40, maji na mafuta yanaachana ndani ya mshale. Dozi ya kwanza hutumia kichocheo kiitwacho Freund kilichorekebishwa, marudio hutumia Freund kisicho kamili. Usivichanganye. Na ukijidunga mwenyewe kidoleni, hospitali siku hiyohiyo ukiwa na karatasi ya dawa, maana jipu lake si la mchezo.

Uwanjani lenga tako tu, jike akiwa amesimama. Zaidi ya mita 50 acha. Upepo ukivuma, acha. Sindano haina ndoana, kwa hiyo mshale hudondoka wenyewe: uokote, uutazame. Chumba kitupu, amedungwa. Kimejaa, futa tiki. Marudio ni ndani ya wiki mbili hadi sita, halafu kila mwaka kabla ya msimu wa kupandana. Aliye na mimba atazaa kama kawaida, chanjo haitoi mimba.

Kijana wa Reno:
Hapo kwenye kuokota mshale, naunga mkono kabisa.

Mzee Boma:
Bi Nyika, heshima yako, lakini makundi huongezeka asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka. Miaka minne au mitano yamekuwa maradufu. Kwenye mabonde ya Nevada farasi akikuona kilomita moja ameshaondoka. Utamdunga nani?

Bi Nyika:
Assateague, pwani ya Maryland, walianza 1994, na kundi lililokuwa limepita 160 likashuka chini ya 100.

Mzee Boma:
Assateague ni kisiwa, na farasi wake wamezoea watu!

Dada Chambo:
Wasiokaribika wanaletwa na maji. Funga mabomba ya chuma ya futi sita kuzunguka kisima, acha mageti wazi siku nyingi mpaka waingie bila kusitasita. Ning'iniza juti ili waone ukuta wasiuparamie.

Balaa kubwa ni geti kuanguka mama akiwa ndani, mtoto nje. Mama anajipiga kifua kwenye mabomba, mtoto anazunguka uzio akilia, na dume huko nje anaweza kumswaga akaondoka naye. Hapo usilete lori. Watu wote warudi nyuma, injini zizimwe. Wengine wapeleke zizi la ndani, mama abaki la mbele, geti lifunguliwe kwa kamba ndefu kutoka mbali. Mara nyingi mtoto huifuata sauti. Mama akitoka badala ya mtoto kuingia, mwache aende. Jike mmoja aliyekosa chanjo ana nafuu kuliko mtoto wa wiki tatu peke yake jangwani.

Kijana wa Reno:
Mtoto akilia namna hiyo hakuna anayelala usiku ule.

Msumari:
Basi geti la kukanyaga, lile linalojifunga farasi akikanyaga mtego, lipigwe marufuku. Afunge mtu, aliyehesabu vichwa.

Mzee Boma:
Geti la kukanyaga linafaa kwa madume vijana, hao hawana watoto. Msitupe kila kitu. Na mnaokwenda kuasili farasi mjiandae: farasi aliyepita miezi 18 anahitaji uzio wa futi sita, nafasi ya futi 20 kwa 20, bila seng'enge. Hati ya umiliki ni baada ya mwaka.

Bi Nyika:
Turudi kwenye daftari. Kila jike piga picha pande zote mbili na paji la uso. Majike wekundu wawili wenye soksi, yaani weupe chini ya mguu, mguu wa nyuma kushoto hukaa kundi moja, na mmoja hudungwa mara mbili, mwenzake hata mara moja.