Sampuli za utando wa bakteria kutoka Songwe: PCR inagoma, nifanyeje?

Mtafiti_Ubungo: Wakuu, habari za jioni. Nalinganisha bakteria wa utando wa chemchemi za maji moto za Songwe, Mbeya, kwa kusoma jeni ya 16S, ile inayotumika kutambua aina za bakteria. Maabara iko hapa Dar, usafiri ni basi, sampuli zinakaa kwenye deli la barafu. Kipimo kinaonyesha DNA ipo, lakini PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) haitoi bendi hata moja, yaani hakuna mstari wa DNA unaoonekana kwenye jeli. Tatizo liko njiani au maabara?

Pipeti: Kama DNA ipo, shuku chokaa kwanza. Maji ya Songwe huacha travatini (mwamba wa chokaa), na kalsiamu ikiingia kwenye PCR inagombea nafasi ya magnesiamu, ambayo Taq (kimeng'enya kinachonakili DNA) haifanyi kazi bila hiyo. Zimua DNA mara 10, na nyingine mara 50, urudie. Bendi ikitokea, tatizo ni vizuizi tu, yaani vitu vinavyozuia PCR. Ukichimba DNA tena, suuza utando kwanza kwa EDTA (kemikali inayokamata kalsiamu) ya 0.5 M, pH 8, zungusha kwenye sentrifuji, kisha suuza kwa bafa safi. Usiruke hatua ya bafa: EDTA ikibaki nayo inaikamata magnesiamu. Ute wa utando pia unasumbua. CTAB (aina ya sabuni ya maabara) yenye chumvi nyingi inauondoa, na BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kidogo kwenye PCR inasaidia.

Binti_Maabara: Naongezea la njiani, maana bendi kutokea si kwamba matokeo ni ya kweli. Barafu ikiyeyuka, bakteria wanaopenda joto la kawaida wanazaliana, nawe utawahesabu kama wenyeji wa chemchemi! Tia sampuli kwenye ethanoli ya 96% palepale, ujazo mara 3 au 4 ya utando, uibadilishe kesho yake kwa sababu maji ya utando yanaizimua. Imwage ethanoli yote kabla ya ile EDTA, la sivyo EDTA inaganda.

Na usichote kwa kijiko. Kata ncha ya bomba la sindano la mililita 5, lizamishe wima, sukuma kipande nje, tenganisha kwa wembe safi: kijani cha juu, milimita moja au mbili, ndiko kwenye saianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea), rangi ya chungwa chini yake mara nyingi ni bakteria wa kundi la Chloroflexus. Pima joto hapohapo ulipokata. Saianobakteria hawavuki takriban 73°C, kwa hiyo hatua chache kufuata mkondo zinabadilisha jamii nzima.

Mtafiti_Ubungo: Asanteni sana. Kipande kimoja kila pointi kinatosha?

Pipeti: Hapana, vitatu, kila kimoja kichimbwe peke yake. Pitisha na kichupa kisicho na sampuli hatua zote hadi kwenye usomaji. Kikitoa bakteria, hao huenda wametoka kwenye vitendanishi.