Tupeane uzoefu: mnaosubiri kuvaa joho, siku zenu mmewapa wanamichezo gani?

Wakuu, salamu kutoka Kasulu. Mitihani ya mwisho imeisha, tunachosubiri ni mahafali tu. Chumbani kwetu tumebandika karatasi zenye namba za maka peni, na kila siku iliyobaki ina mwanamichezo wake. 24 ilikuwa ya Kobe, 23 ya Jordan, namba za jezi zao za kikapu, hapo hakuna aliyebisha. 10 tumempa Samatta, kwa jezi ya Genk na lile goli la Februari 2020 akiwa Aston Villa, la kwanza kwa Mtanzania kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Anayeamka wa kwanza anabandua karatasi ya jana, anasoma ya leo na sababu zake kwa sauti, hata kama wenzake bado wamejifunika shuka gubigubi. Sasa chini ya kumi ndiyo kazi: watu wengi, siku chache. Nyie mlifanyaje?

Wa Kibondo: 2 ni Hasheem Thabeet, hakuna mjadala. 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kwenye drafti ya NBA. Yaliyofuata tuyaache.

Wa Uvinza: Mimi nilikamatwa na sapu ya hesabu. Wenzangu wanapiga picha na majoho, mimi niko bwenini na madaftari. Zamu yangu ilipofika mwaka uliofuata, siku zote nilimpa mtu mmoja, John Stephen Akhwari. Marathoni ya Mexico 1968 alianguka akaumia goti, akaingia uwanjani na bandeji mguuni, akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Wa mwisho kati ya waliomaliza, lakini alimaliza. Niliandika jina lake kila ukurasa wa kalenda. Mama alipokuja kwenye mahafali akaiona, akanivuta pembeni: "Huyu Akhwari ni wa ukoo gani, na mbona hajaja kujitambulisha nyumbani?"

Wa Ujiji: 😂😂 Mama kashaanza kupanga mahari. 3 mpeni Alphonce Simbu. Marathoni ya dunia Tokyo 2025, kilomita 42 na ushee, halafu anampita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. GPA yangu nayo ilivuka hivyohivyo.

Wa Mwanga: 25 mlimpa nani? Julai 25, 2021, hapahapa kwetu Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, fainali ya Kombe la Shirikisho, Taddeo Lwanga, Simba 1 Yanga 0. Nauliza tu.

Mleta mada: Mkuu wa Mwanga, chumba hiki kimejaa Wananchi, watu wa Yanga. 25 ilipita kimyakimya. Vita iliyopo ni ya namba 1. Mmoja anamtaka Filbert Bayi, kwa Christchurch 1974: aliongoza mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, na rekodi ya dunia juu. Sawa, lakini 1 ni jezi ya kipa, na sisi tuna Juma Kaseja. Zamalek walitolewa na Simba kwao Cairo 2003 kwa matuta, yeye golini. Septemba 2019, umri umeenda, akaitwa tena Taifa Stars, na Burundi hawakufunga hata penati moja. Jamaa yetu wa Manyovu hiyo ya Burundi hataki hata itajwe, kijiji cha pili kutoka kwao, ng'ambo ya mpaka, ni wajomba zake. Usiku huu tunapiga kura. Karatasi ya 6 nayo haina jina, mwenye wazo alete.