Dawa za minyoo: tupeane uzoefu, ulimeza nini na ikawaje?

Mama Twaha: Habari zenu wapendwa. Binti yangu wa miaka mitano kila ikifika saa nne usiku anaanza kujikuna nyuma, analia, halali, asubuhi mwalimu anasema anasinzia darasani. Usiku mmoja nikammulika na tochi ya simu nikaviona vyenyewe, vyeupe vyembamba kama kiuzi vinatembea. Nikakimbia duka la dawa nikapewa albendazoli kidonge kimoja cha miligramu 400, akatafuna, siku chache akalala vizuri, halafu vikarudi. Nikanunua tena, vikarudi tena. Mara ya tatu dada wa pale dukani akaniuliza nyumbani mko wangapi, nikamwambia sita, waliomeza? Mmoja! Akanieleza kwamba minyoo hii inatoka usiku kutaga mayai pale nje, mtoto akijikuna mayai yanaingia kwenye kucha, kwenye shuka, wenzake wanayala bila kujua, na dawa inaua minyoo wenyewe ila mayai yanabaki. Basi tukameza wote sita siku moja, baada ya wiki mbili tukarudia, nikawakata kucha, shuka nikazichemsha, na kila asubuhi namuogesha kabla hajagusa chochote. Sasa ni wiki ya saba analala hadi asubuhi. Roho inaniuma nikikumbuka nilimchapa nikidhani ni tabia mbaya. Haya na nyie semeni yenu.

Mtu wa Visiwani: Mimi nimekulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, huku kwetu shida kubwa ni kichocho, minyoo inayokuingia ukiwa majini. Miaka miwili tumbo linauma, choo kina damu, na mimi kila baada ya miezi mitatu nameza albendazoli nikijua ni minyoo hii ya kawaida. Siku niliyopimwa choo ndo wakaona mayai ya kichocho, daktari akaniambia hiyo albendazoli ungemeza hata kopo zima kichocho hakishtuki, dawa yake ni prazikwanteli. Wanapiga miligramu 40 kwa kila kilo, nilikuwa na kilo 60 kwa hiyo vidonge vinne vya 600 kwa mkupuo. Vichungu sana jamani, meza nzima usitafune, na kula kwanza, mimi nilikunywa chai kavu tu nikatapika vyote ikabidi wanipe upya. Damu iliisha lakini nilirudi ziwani kuvua na mwaka uliofuata nikaugua tena. Shuleni wadogo zetu wanapimwa urefu na kile kijiti kirefu ndo wanajua apewe vidonge vingapi, kama hamna mzani.

Bi Shamba: Pole mwanangu. Mimi ni mkulima Muheza, nililima peku tangu utotoni. Nikaanza kuchoka, moyo unadunda nikipanda kilima kidogo tu, viganja vyeupe, na hamu ya kula udongo isiyoisha. Watu wakasema nimerogwa. Zahanati wakanipima damu ikawa 7, yaani pungufu sana, choo kikaonyesha minyoo ya safura. Hawa wanapenya ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu, wakifika tumboni wanang'ata utumbo wanafyonza damu. Nilimeza albendazoli siku ile ile, lakini kilichonirudisha ni vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu, maana dawa inaua mdudu, damu iliyokwenda hairudishi. Wengi wanameza ile moja wakiona bado wamechoka wanasema dawa feki. Siku hizi siingii shambani bila mabuti.

Baba Shiru: Huku kwetu Kakamega walimu ndio hupeana dawa shuleni. Mwaka moja wazazi wengine walikataa ati ni ya kufunga uzazi, mimi pia nikaogopa nikaweka kijana wangu nyumbani siku hiyo. Miezi michache baadaye tumbo ikavimba, akatapika mnyoo mrefu kuliko penseli, mama yake akapiga nduru. Hosi walitwambia wakijaa sana wanaweza kuziba matumbo kabisa mtoto apasuliwe. Alipewa dawa, kesho yake wakatoka wengi na choo. Sijawahi kosa siku ya dawa tena, na wale majirani nilikuwa nao kwa ule uvumi nimewaendea mmoja mmoja nikawaambia yaliyonipata.

Nuru: Mimi nilikuwa na mimba ya miezi miwili nikataka kununua dawa ya minyoo, muuzaji akakataa kabisa. Kliniki wakanipa mebendazoli, nayo ni dawa ya minyoo, kidonge kimoja cha miligramu 500 miezi mitatu ya kwanza ilipopita. Ukiwa mjamzito sema kabla hujauziwa!

Kijana mpya: Bibi yangu anasaga mbegu za papai. Na je mtoto wa mwaka na miezi miwili anaruhusiwa dawa?

Mama Twaha: Za papai nilimpa binti yangu pia mwanzoni, kwangu hazikusaidia. Huyo mdogo anaruhusiwa, wa kwangu wa mwisho alikuwa na umri huo huo, walimpa nusu kidonge cha albendazoli yaani miligramu 200, wakakisaga kikawa unga wakachanganya na maji. Akiwa analia usimbane pua wala usimlazimishe, anaweza kupaliwa. Mbembeleze anyamaze kwanza, akikataa kabisa mrudishe kesho.