Sindano za Kichina kwa maumivu ya mgongo: bima ilipie?

Mwana_Uyole: Wakuu, mzee wangu kapakia viazi hapa Uyole zaidi ya miaka 30, mgongo umekwisha. Kachomwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani, pale Mwanjelwa mara sita, sasa anainama na kufunga kamba za viatu mwenyewe. Kila safari tunatoa taslimu. Kwa nini bima isilipie?

Mafinga_Kwetu: Imani hiyo. Mzee kaambiwa atapona, akajiona kapona. Maumivu yalikuwa kichwani.

Mwana_Uyole: Kichwani? Njoo ubebe lumbesa moja, gunia lililojazwa kupita kiasi, hadi kwenye Fuso ndipo uniambie maumivu yanakaa wapi!

Nesi_Tukuyu: Mafinga, huyo ni baba wa mtu, shika adabu. Ubongo una dawa yake ya maumivu, endofini, inafanya kazi kama mofini. Mwaka 1977 huko Marekani waliwachoma watu sindano, maumivu ya jino yakapungua. Wakawapa naloksoni, ile tunayompa aliyezidishiwa mofini ili kuizima, maumivu yakarudi. Sasa imani inazimwaje na dawa?

Mafinga_Kwetu: Adabu ninayo, dada, na mzee nampa shikamoo yake. Lakini 1978 walipewa dawa bandia baada ya kung'olewa meno, wakapata nafuu, na naloksoni ikaizima vilevile. Kumbe hata imani inatoa endofini! Ujerumani nako, majibu ya 2007, wenye mgongo waliochomwa panapotakiwa walipata nafuu kama 48%, waliochomwa popote tu 44%. Bima ilipie ufundi gani hapo?

Mkulima_Isyonje: Samahani, lumbesa bado mnapakia? Si marufuku, mwisho kilo 100?

Nesi_Tukuyu: Mafinga, hujamaliza. Waliopewa tiba ya kawaida hawakufika hata 30%. Mgonjwa anataka kuinama, hayo ya endofini imetokea mlango gani atayajulia wapi?

Mwana_Uyole: Mkulima, marufuku ya kwenye karatasi. Mnunuzi anakuja na gunia lake, likijaa anashonea kipande kingine juu. Ukikataa anahamia shamba la jirani, viazi vyako vinabaki chini.

Mkulima_Isyonje: Yalinikuta hayohayo msimu uliopita! Sisi wakulima tuna kosa, tunakubali mmoja mmoja.

Mafinga_Kwetu: Na mpakiaji je, likizidi anaongezwa?

Mwana_Uyole: Haongezwi. Mzee alilipwa kwa gunia, si kwa kilo. Lile lililomwangusha tulilipima baadaye: kilo 148.