Psycho ya 1960: je, filamu hii iliwaonea wagonjwa wa akili?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Naleta hoja inayoninyima usingizi wiki ya pili sasa. Naomba tujadili kwa hoja, matusi tuweke kando.

Psycho ya mwongozaji Alfred Hitchcock naipenda tangu nikiwa msichana na sijawahi kuichoka. Lakini nimeanza kuamini kwamba iliwabebesha wagonjwa wa akili mzigo ambao hawajautua mpaka leo.

Kwa asiyeiona: Marion Crane, karani wa ofisi mjini Phoenix, anaondoka na dola 40,000 za mteja. Mvua inamkamata njiani usiku, anaomba chumba kwenye gesti ya kando ya barabara. Mwenye gesti ni kijana mpole, Norman Bates, anayesema anaishi na mama yake mgonjwa. Marion anachomwa kisu akiwa anaoga. Mwishoni tunajua kwamba mama alishakufa miaka kumi nyuma, Norman mwenyewe ndiye aliyempa sumu, akaiba maiti yake na kuihifadhi ndani ya nyumba. Akiua, huvaa nguo za mama na kusema kwa sauti yake. Kisha anakuja daktari wa magonjwa ya akili, anasimama mbele ya watu na kufafanua yote hayo kama mwalimu ubaoni.

Nina kaka yangu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Anatumia dawa, analima bustani, anawafundisha wanangu hesabu. Jumamosi moja niliwawekea watoto filamu hii kwenye kompyuta, naye akavuta kigoda akakaa karibu na mlango na kikombe chake cha chai. Daktari alipomaliza maelezo yake, mwanangu wa miaka 14 aligeuka akamtazama. Akaniuliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mama, na mjomba ana mtu mwingine ndani?" Kaka alimaliza chai, akasuuza kikombe, akaenda kulala. Usiku ule nikasikia komeo la chumba cha watoto likifungwa. Miaka yote chumba kile hakikuwahi kufungwa kwa ndani.

Skizofrenia si kuwa watu wawili ndani ya mwili mmoja. Na wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa, wanaofungwa kamba, wanaorushiwa mawe. Ila mtoto hakuyajua hayo, na filamu ilikuwa imemaliza kumfundisha kingine.

Najua kuna watakaosema kisa ni cha kweli, kwa sababu ya Ed Gein, muuaji na mfukua makaburi aliyekamatwa Plainfield, Wisconsin, mwaka 1957. Robert Bloch, aliyeandika riwaya ya 1959 iliyozaa filamu hii, aliishi jirani na huko, na habari zile zilimpa wazo. Lakini Norman ni mtu wa kubuni. Waliombuni walikuwa na hiari ya kumpa sababu nyingine ya kuua, wakachagua ugonjwa.

Swali langu: tuendelee kuwaonyesha vijana filamu hii bila neno lolote, kwa kuwa tu ni kazi bora?

Mchangiaji wa kwanza:

Dada, pole kwa yaliyotokea nyumbani. Mimi natengeneza filamu fupi, na hii ndiyo shule yangu. Studio haikutaka kuigharamia vya kutosha, Hitchcock akaifanya kwa dola kama 800,000, akiwatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Damu inayozunguka kwenye tundu la bafu ni rojo la chokoleti. Lile shambulio la kisu bafuni halifiki dakika moja, na tukio zima lilichukua siku saba kupigwa. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, akatumia vyombo vya nyuzi peke yake, basi, na watu wakaruka vitini.

Lakini hoja yangu ni nyingine. Umekumbuka pale Norman anapolizamisha gari la Marion kwenye kinamasi? Linazama, linazama, halafu linakwama. Paa jeupe limebaki juu. Norman anaacha kutafuna, anatupa macho huku na huku. Na wewe mtazamaji, uliyetoka kumwona Marion akifa, unajikuta unaomba lizame! Likizama unashusha pumzi pamoja naye. Filamu inayomchukia mgonjwa haiwezi kufanya hivyo. Imekuketisha kwenye kiti chake.

Halafu kuna yale mazungumzo sebuleni, chini ya ndege waliokaushwa. Marion anashauri mama apelekwe mahali pa kutunzwa. Norman anabadilika uso, anamuuliza kama amewahi kuona ndani ya mahali pale, vile vicheko, vile vilio, yale macho ya kikatili yanayokuchunguza. Nionyeshe filamu nyingine ya miaka ile iliyoisema hofu ya wodi waziwazi namna hiyo.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni muuguzi, wodi ya wagonjwa wa akili, mwaka wa kumi na moja. Namuunga mkono mleta mada. Ndugu hapo juu, maneno yale ya sebuleni ni ya kweli tupu, nimeyasikia kwa wagonjwa wangu karibu neno kwa neno. Tatizo ni mdomo yalimowekwa. Ukishajua msemaji ni muuaji, malalamiko yake yote yanageuka ujanja. Kila wiki naona ndugu wanaomleta mtu wao wakiwa wamechelewa miaka, kwa sababu waliogopa jina atakaloitwa mtaani. Jina lenyewe la filamu watu wamelifanya tusi, "psycho", yaani kichaa.

Mleta mada:

Nimewasoma wote, asanteni. Ndugu wa filamu, kwenye kinamasi umenishinda. Nimerudi kukitazama kipande kile na kweli niliomba gari lizame, nikaona aibu.

Ila kurudia kumenionyesha jambo jingine. Gesti ina vyumba kumi na viwili na vyote viko wazi, barabara kuu imehamishwa. Sherifu, yaani askari mkuu wa pale, anajua mama amezikwa miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo wote wanajua kuna kijana yatima peke yake kilimani, na katika filamu nzima hakuna aliyempandia kumjulia hali mpaka kulipokuwa na pesa za kutafutwa na mtu aliyepotea. Daktari wa mwisho haligusi hilo hata kwa neno moja. Anaeleza kilichomo kichwani mwa Norman, basi. Hapo ndipo ninapoendelea kuilaumu. Kama dakika zile chache zingeuliza mji ulikuwa wapi, mwanangu angegeuka na swali tofauti.

Kwa hiyo sisemi ifungiwe. Nasema mtu mzima akae na vijana, aisimamishe pale kwenye kinamasi na pale kwa daktari, waongee. Nimemweleza kaka mpango huo. Amekubali kukaa nasi Jumamosi hii, kwa sharti kwamba kwa daktari yeye mwenyewe ndiye atakayebonyeza kitufe cha kusimamisha.

Wenye mawazo mengine karibuni, hasa wenye ndugu mgonjwa nyumbani. Ninyi mlifanyaje?