Wiki ya huduma Longido na watoto: tubebe nini, tuache nini?

MamaWatatu_Moshi
Bwana asifiwe wapendwa. Likizo ya Juni tunakwenda Longido, kwa Wamaasai mkoani Arusha, siku 7, mimi, baba watoto na watoto 3 (mdogo ana miaka 7). Mwenyeji wetu ni mwinjilisti wa mtaa. Tuna mabelo 2 ya mitumba, dawa za minyoo na projekta ya sinema. Tumesahau nini?

Mchunga_Njia
Amina dada. Barua ya utambulisho ya mchungaji wenu, nakala 3: usharika unaowapokea, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Kibali cha spika za nje kiombwe mapema.

Ratiba aipange mwinjilisti. Asubuhi akina mama wanakamua, kisha wanafuata maji na kuni; mkiita ibada saa tatu mtahubiria viti. Boma hujaa jioni, mifugo ikirudi. Ukalimani wa Kimaasai nao unakula muda: mahubiri ya dakika 15 yanakuwa nusu saa. Sentensi fupi, kisha nyamaza. Vichekesho vya Kichaga vinafia kwa mkalimani.

Juni mmechagua vizuri. Aprili, kwa mvua, ule udongo mweusi ungewalaza njiani.

Nesi_wa_Zamu
Dawa za minyoo ziacheni. Huwezi kugawa dawa bila Mganga Mkuu wa Wilaya kujua, na watoto wengi hupewa shuleni, kwa hiyo mtarudia dozi.

Fundisheni kibuyu chirizi, yaani kidumu cha kunawia kinachoinamishwa kwa mguu. Trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, husambazwa na nzi, vidole na vitambaa vya kufutia macho, hivyo uso safi ni kinga. Kidumu cha lita 5, toboa tundu moja kwa msumari wa moto, sentimita 12 hivi chini ya mdomo. Pitisha fimbo kwenye mshikio, kining'inize kati ya nguzo 2 zenye panda. Kamba itoke shingoni hadi fimbo ya kukanyagia. Kamba ikiwa fupi, kidumu hukaa kimeinama na maji yanaisha yenyewe. Tundu likiwa kubwa, vivyo hivyo. Sabuni itoboeni muifunge kwa kamba, na wekeni miiba kuzunguka, mbuzi hawana adabu.

Maji ya kunywa: lita 4 × watu 5 × siku 7 = lita 140, yaani madumu 7 makubwa. Ya kisima kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, haitoki, tena maji yakichemka sana inazidi. Huyo wa miaka 7 meno yake ya kudumu bado yanajijenga, mlindeni.

MamaWatatu_Moshi
Asante nesi. Mitumba je?

Mchunga_Njia
Msiifungue uwanjani. Wenye nguvu watabeba, wajane watarudi mikono mitupu. Kabidhini usharika, wagawe mkishaondoka. Jinzi punguzeni, masweta ya watoto na mashuka ndiyo yanatakiwa, Juni asubuhi kuna baridi. Boma mtakalofikia pelekeni sukari na majani ya chai.

Sinema ianze giza likishaingia, isizidi dakika 60. Watu watarudi kwa miguu usiku, na huko kuna tembo.